Red Auerbach, kocha aliyegawa dakika 240 kati ya wakongwe na vijana wa Boston

Tangu Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, aingie katika ligi ya NBA mwaka wa 2021, mabishano ya basketi katika miji yetu yamerudia swali lile lile: mbona kocha hampi kijana wetu dakika? Kuminga alichaguliwa wa 7 na Golden State, timu iliyokuwa na wakongwe waliokwisha kutwaa vikombe pamoja. Mwaka wa 2022 timu hiyo ilipata ubingwa, na yeye, akiwa na miaka 19, alitazama sehemu kubwa ya mechi za mwisho akiwa ameketi. Wengine walisema kocha anaua kipaji. Wengine walisema fainali si mahali pa kufundishia mtoto.

Hesabu yenyewe haina huruma. Mechi ya NBA ina dakika 48, na kila timu ina watu watano kiwanjani. Jumla ni dakika 240. Dakika anayopewa kijana imetoka kwa mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo ndiye aliyeleta kombe la mwaka jana. Yuko mtu mmoja aliyeishi na hesabu hiyo kuliko wote: Red Auerbach. Aliifundisha Boston Celtics kwa miaka 16, kisha akabaki katika uongozi wake karibu mpaka alipokufa mwaka wa 2006. Alipata ubingwa mara 9 kama kocha. Alikosea pia, na makosa yake yanafundisha sawa na vikombe vyake.

Arnold Jacob Auerbach alizaliwa tarehe 20 mwezi wa 9 mwaka wa 1917 huko Brooklyn, mjini New York. Baba yake, Hyman, alikuwa Myahudi aliyehama kutoka Minsk, na aliendesha biashara ya kufua nguo. Nywele za mtoto zilikuwa nyekundu, ndipo akaitwa Red, yaani Mwekundu, na jina hilo likafunika lile la kuzaliwa. Alicheza basketi katika Chuo Kikuu cha George Washington, ambako kocha wake alikuwa Bill Reinhart. Mzee huyo aliwafundisha vijana wake kukimbia: mpira ukisha kudakwa nyuma, upelekwe mbele haraka, wapinzani wasipate nafasi ya kujipanga. Auerbach aliubeba mchezo huo maisha yake yote. Alibeba pia urafiki wa Reinhart, na urafiki huo ulikuja kumlipa vizuri.

Alifundisha katika shule za sekondari mjini Washington, akatumika katika jeshi la wanamaji tangu 1943 hadi 1946, na alipotoka huko ligi mpya ya kulipwa ilikuwa inazaliwa. Akiwa na miaka 29 alipewa timu ya Washington Capitols. Aliijaza watu aliowajua jeshini, na msimu wa kwanza ilishinda mechi 49, ikapoteza 11 tu. Mwaka wa 1949 walifika fainali, wakashindwa na Minneapolis. Hapo Auerbach aliona timu imeanza kuchoka na akataka kuijenga upya. Mwenye timu hakukubali. Auerbach akaacha kazi.

Akaenda Tri-Cities, timu ya tajiri aitwaye Ben Kerner. Kerner akamuuza mchezaji mmoja bila kumuuliza kocha. Auerbach akaacha kazi tena. Kazi mbili zilimtoka katika muda mfupi, na sababu ilikuwa ile ile: hakutaka mtu mwingine aamue nani anaondoka na nani anaingia. Jina la Kerner tulikumbuke, maana tutakutana naye tena.

Mwaka wa 1950 Walter Brown, mwenye Boston Celtics, alimwita. Timu ilikuwa imeshinda mechi 22 na kupoteza 46, na mji mzima ulimtaka kijana mmoja: Bob Cousy, aliyesomea Holy Cross, chuo cha karibu na Boston. Katika NBA, kila mwaka timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Zamu ya Boston ilipofika, Auerbach alimwacha Cousy akamchukua mtu mrefu, Charlie Share, tena akawaudhi waandishi wa habari kwa namna alivyomdharau kijana wao. Cousy alichaguliwa na Kerner, akauzwa Chicago, na timu ya Chicago ikavunjika mbele ya msimu kuanza. Majina ya wachezaji watatu yakatiwa ndani ya kofia. Boston ikaokota karatasi ya Cousy.

Basi kijana aliyemkataa akamfikia kwa bahati nasibu, na akawa mchezeshaji mkubwa kuliko wote wa wakati wake. Wanaomsifu Auerbach kama nabii wasiisahau kofia ile. Katika uchaguzi huo huo wa 1950, Boston ilimchukua Chuck Cooper, mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa na timu ya NBA.

Miaka sita ilifuata ya pointi nyingi bila ubingwa. Cousy aligawa mipira, Bill Sharman alitupia kutoka mbali, na Ed Macauley, mtu mrefu mwembamba, alifunga vizuri karibu na kikapu. Mashabiki waliwapenda. Lakini wapinzani walidaka mipira mingi mno, na mwisho wa msimu Boston walichoka. Reinhart, yule mwalimu wa zamani, alikuwa amekwisha kumweleza Auerbach juu ya kijana mmoja wa San Francisco, Bill Russell, ambaye alizuia na kudaka kuliko mtu yeyote aliyewahi kumwona.

Ili kumpata Russell mwaka wa 1956, Auerbach alipaswa kununua zamu ya pili ya kuchagua. Zamu hiyo ilikuwa mikononi mwa Kerner, ambaye timu yake ilikuwa imehamia St. Louis. Kerner alimtaka Macauley, na juu yake akamtaka Cliff Hagan, kijana mwenye kipaji aliyekuwa bado anatumika jeshini. Macauley alikuwa na miaka 28, nyota, mtu asiye na kosa lolote. Bahati ni kwamba alikuwa mzaliwa wa St. Louis na mtoto wake alikuwa mgonjwa, kwa hiyo yeye mwenyewe aliona heri kurudi nyumbani. Auerbach akakubali kuwatoa wote wawili kwa ajili ya kijana ambaye hakuwa amecheza hata dakika moja katika ligi ya kulipwa. Mwaka huo huo alimchukua Tommy Heinsohn, na K.C. Jones, mwenzake Russell wa chuoni.

Russell alichelewa kufika. Alikwenda kwanza katika michezo ya Olimpiki huko Melbourne, akaanza kuichezea Boston mwezi wa 12. Miezi minne baadaye Boston ilikuwa katika fainali, na mpinzani hakuwa mwingine ila St. Louis ya Kerner. Chuki kati ya watu hao wawili ilifika hatua Auerbach akampiga Kerner ngumi kiwanjani mbele ya mechi ya tatu kuanza. Haikuwa picha nzuri ya kocha, wala sitamtetea.

Mechi ya saba ilichezwa Boston tarehe 13 mwezi wa 4 mwaka wa 1957. Hapa napenda tusimame kidogo, kwa sababu mabishano yote ya vijana na wakongwe yalikaa ndani ya mechi hiyo moja. Cousy na Sharman, wale wakongwe walioibeba timu miaka yote, walitupia mara 40 na kufunga mara 5 tu. Usiku huo mikono yao iligoma. Vijana wawili wa mwaka wa kwanza ndio walioishika mechi: Heinsohn alifunga pointi 37 na kudaka mipira 23, Russell alifunga 19 na kudaka 32. Muda wa nyongeza ulikwenda mara mbili, na Boston ikashinda 125 kwa 123. Ulikuwa ubingwa wa kwanza wa timu hiyo.

Mtu angetazamia kwamba baada ya usiku huo kocha angewaweka wazee kando. Hakufanya hivyo. Sharman aliendelea kuanza mechi hadi 1961, Cousy hadi 1963. Auerbach alifanya jambo jingine: aliwapanga vijana nyuma yao na kuwafanya wasubiri. Sam Jones alichaguliwa mwaka wa 1957 kutoka chuo cha watu weusi huko North Carolina. Auerbach hakuwa amemwona akicheza hata mara moja; alimwamini rafiki yake aliyempa habari. Sam Jones alikaa nyuma ya Sharman karibu miaka minne. K.C. Jones alimaliza miaka miwili ya jeshi, akafika 1958, akakaa nyuma ya Cousy miaka mitano.

Miaka minne, miaka mitano. Leo mchezaji akisubiri miezi minne, wakala wake anapiga simu. Na tuseme ukweli: wakati ule mchezaji hakuwa na njia nyingine. Timu ilimmiliki, hakuweza kwenda kwingine kwa hiari yake, na nafasi katika ligi nzima zilikuwa chache. Uvumilivu wa akina Jones tunaousifu ulikuwa pia uvumilivu wa mtu aliyefungiwa mlango. Hata hivyo si kila kocha wa zama zile alijua kuutumia. Auerbach aliwachosha wote sawasawa katika mazoezi ya mwanzo wa msimu, kijana na mzee, mpaka wengine wakatapika. Alikuwa na mipango michache ya mashambulizi, na kila mtu aliijua yote, hivyo kijana aliyeingia hakuwa mgeni. Tena alipozungumzia mshahara hakukubali kuhesabu pointi. Aliangalia mtu amesaidia nini timu kushinda.

Hapo ndipo alipokifanya kiti cha benchi kiwe cha heshima. Frank Ramsey alikuwa na uwezo wa kuanza mechi katika timu yoyote ile. Auerbach alimketisha makusudi, akamwingiza wakati wapinzani wameanza kuhema. Mchezaji wa sita, ndivyo walivyoiita kazi hiyo. Mwaka wa 1962 akaja John Havlicek, kijana ambaye timu moja ya futboli ya Kimarekani ilikuwa imetoka kumkataa. Alichaguliwa wa mwisho katika zamu ya kwanza, akarithi kazi ya Ramsey, akakimbia bila kuchoka. Aliichezea Boston miaka 16 na kuondoka na pointi 26,395.

Cousy alipostaafu mwaka wa 1963, alilia mbele ya mashabiki na ukumbi mzima ukalia naye. Wengi waliamini Boston imekwisha. K.C. Jones akasimama mahali pake. Hakuwa na ufundi wa Cousy wa kugawa mpira, lakini alikaba vikali zaidi, na timu ikachukua ubingwa wa 1964, kisha wa 1965, kisha wa 1966. Kwa jumla vilikuwa vikombe 8 mfululizo tangu 1959. Tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka wa 1964, huko St. Louis, Heinsohn alikuwa ameumia, na Auerbach akaanzisha mechi na watu weusi watano: Russell, Sam Jones, K.C. Jones, Satch Sanders na Willie Naulls. Haikuwahi kutokea katika NBA. Kwake walikuwa tu watano wazima waliofaa usiku ule.

Kocha mwenyewe alikuwa akizeeka. Familia yake ilibaki Washington, yeye akikaa hotelini Boston. Alikuwa mkali kwa waamuzi, na ushindi ukisha kuonekana aliwasha sigara yake nene palepale kwenye benchi, jambo lililowachukiza wapinzani kuliko kufungwa kwenyewe. Mwaka wa 1966, akiwa na miaka 48 na ushindi 938 wa msimu wa kawaida, aliacha ukocha na kumweka Russell kuwa kocha huku akiendelea kucheza. Russell akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu katika NBA.

Kisha yakaja matunda matamu na machungu ya kuwategemea wakongwe. Mwaka wa 1969 Russell na Sam Jones walikuwa na miaka 35 kila mmoja. Boston ilimaliza ya nne katika kundi la mashariki, watu wakaicheka, halafu wazee hao wakaenda Los Angeles na kushinda mechi ya saba ya fainali kwa pointi mbili. Ni vigumu kumwambia kocha wa namna hiyo kwamba angewapa vijana dakika. Lakini Russell na Sam Jones waliondoka pamoja mwaka huo, na msimu uliofuata timu ilishinda 34 na kupoteza 48. Safari hii hapakuwa na kijana aliyekomaa nyuma ya mlango. Auerbach, sasa akiwa ofisini, alianza upya: Jo Jo White mwaka wa 1969, Dave Cowens mwaka wa 1970, na Havlicek akiwa mzee wao. Ubingwa ulirudi mwaka wa 1974 na 1976.

Mwaka wa 1978 alifanya jambo ambalo timu tano mbele yake hazikulithubutu. Larry Bird alikuwa na haki ya kuchaguliwa, lakini alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuoni. Auerbach alimchagua wa 6 na kusubiri, huku timu yake ikipoteza mechi 53. Bird alipofika, walishinda 61. Mwaka wa 1980 Auerbach aliipa Golden State zamu ya kwanza ya kuchagua, akapewa Robert Parish na zamu ya tatu, ambayo ilimleta Kevin McHale. McHale naye alianzia kwenye benchi, kama Ramsey, kama Havlicek. Vikombe vya 1981, 1984 na 1986 vilitokana na hao watatu. Katika kile cha 1986, aliyekuwa mchezaji wa sita ni Bill Walton, mkongwe wa miaka 33 mwenye miguu iliyopasuliwa mara nyingi.

Auerbach alikuwa amejiandaa kwa kesho. Mwaka wa 1984 alimtoa Gerald Henderson kwa Seattle ili apate zamu yao ya 1986, na zamu hiyo ikawa ya pili. Boston, mabingwa wa dunia, wakamchagua Len Bias wa Chuo Kikuu cha Maryland, kijana wa miaka 22 aliyekusudiwa kumpunguzia Bird mzigo. Siku mbili baadaye, tarehe 19 mwezi wa 6, Bias alikufa kwa kokeini.

Yaliyofuata hayakuwa bahati mbaya peke yake. Bias hayupo, Walton akicheza mechi 10 tu, watano wa kuanza walichezeshwa dakika nyingi mno, Bird akifika 40 kwa mechi. McHale alicheza fainali za 1987 mguu wake umevunjika. Msimu uliofuata Reggie Lewis, kijana aliyesoma pale pale Boston, alipewa dakika 8 hivi kwa mechi alizoingia. Kocha wakati huo alikuwa K.C. Jones, mtu ambaye mwenyewe alikuwa amesubiri miaka mitano. Huenda aliona kusubiri ni jambo la kawaida. Alipoondoka, na Bird akakosa karibu msimu wote kwa ugonjwa wa visigino, Lewis aliingia kwa nguvu ya uhitaji na kufunga wastani wa pointi 18.5. Kipaji kilikuwapo tangu mwaka uliopita. Kilikosa tu kiwanja. Lewis alikufa kwa ugonjwa wa moyo mwaka wa 1993, akiwa na miaka 27.

Danny Ainge, mmoja wa watano wale, amesimulia kwamba alimshauri Auerbach awauze Bird na McHale wakati bado wana thamani. Auerbach hakukubali. Mtu aliyemtoa Macauley wa miaka 28 bila kusita alishindwa kuwatoa wazee hawa. Aliyeuzwa ni Ainge. Bird alistaafu 1992, McHale 1993, Parish akaenda Charlotte 1994, na Boston haikupata mchezaji hata mmoja kwa hao watatu. Ulikuwa upendo, na uligharimu mji ule miaka mingi. Ainge alipokuwa yeye ndiye mkuu wa timu, mwaka wa 2013 aliwapeleka Brooklyn wakongwe wake Paul Pierce na Kevin Garnett, na zamu alizopewa zikazaa Jaylen Brown na Jayson Tatum, mabingwa wa 2024.

Auerbach hakuyaona hayo. Alikufa Washington tarehe 28 mwezi wa 10 mwaka wa 2006, akiwa na miaka 89, siku chache mbele ya msimu kuanza. Timu aliyoiacha ilikuwa imejaa vijana, na vijana hao walipewa dakika zote walizotaka. Walipoteza mechi 58. Mwaka wa 2007 Ainge aliwakusanya kadhaa kati yao, pamoja na zamu mbili za kuchagua, akawapeleka Minnesota ili ampate Garnett wa miaka 31. Boston ikawa bingwa mwaka wa 2008. Kijana bora kati ya waliotolewa, Al Jefferson, alikuwa na miaka 22. Alicheza misimu 14 katika NBA bila kupata ubingwa hata mmoja.